Mcheza kwa Watu: Anguko na Kauli katika Kichekesho cha Wasanii Wasafiri nchini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inahakiki kichekesho cha mwili, yaani kichekesho ambacho msingi wake ni kuanguka, kugongana na kupigana kwa mzaha, kama kinavyooneshwa na wasanii wanaosafiri. Hoja kuu ni kwamba msanii msafiri hana kwao, na kwamba anguko lake ni njia ya kuomba apokewe mahali asipojulikana. Kwa kutumia vitenzi anguka, angukia na angusha pamoja na tanakali sauti za Kiswahili, makala inaonesha kuwa kichekesho hicho hakisimami nje ya lugha kama inavyodhaniwa. Mwishoni inajadiliwa hatari ya kumfanya mshamba kuwa mwangukaji wa kudumu, na inapendekezwa namna ya kuhifadhi kichekesho pamoja na mahali kilipochezwa.

1.0 Utangulizi

Methali mcheza kwao hutuzwa kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni sifa kwa mtu anayefanya jambo jema mbele ya watu wake. Upande wake wa pili hausemwi sana: anayecheza kwa watu hana hakika ya tuzo. Huko hana shangazi wa kumfunga kanga kiunoni wala jirani wa kumpigia vigelegele kabla hajafanya lolote. Kila anachokipata hana budi kukitafuta palepale, usiku uleule. Huo ndio mtihani wa msanii msafiri, na mchekeshaji huukabili kwa ugumu kuliko wenzake. Ngoma huweza kupendwa kwa midundo yake hata na asiyejua maana ya nyimbo. Sarakasi huheshimiwa kwa hatari yake. Kichekesho kisipochekesha hakina pa kujificha.

Pamoja na ugumu huo, uhakiki wa sanaa za maonesho nchini Tanzania umekipa kichekesho nafasi ndogo. Tamthilia andishi zimehakikiwa na kuhakikiwa tena; kichekesho kimehesabiwa kuwa kijazio cha programu. Sababu mbili hutajwa. Ya kwanza ni kwamba hakina maandishi, kwa kuwa huchezwa papo kwa papo kutokana na kisa kilichopangwa kwa mdomo. Ya pili ni kwamba kiini chake ni mwili, na mwili, inadaiwa, huchekesha bila msaada wa lugha. Sababu ya kwanza imekwishajibiwa na wataalamu wa fasihi simulizi. Ya pili haijajibiwa ipasavyo, nayo inawahusu wanaisimu zaidi, kwa sababu ikikubaliwa, kichekesho cha mwili hakitakuwa na lolote la kuwaeleza kuhusu Kiswahili. Makala hii inaikataa.

2.0 Wanamuziki wasio na kwao: mfano wa Below Zero

Ili hoja ieleweke vizuri, inafaa kuanza na kazi ambayo watetezi wa kichekesho kisicho na lugha wangeweza kuitolea mfano. Below Zero ni filamu fupi ya takribani dakika 20 iliyotolewa Marekani mwaka 1930, ikiongozwa na James Parrott, na wahusika wake wakuu ni Stan Laurel na Oliver Hardy. Wawili hao ni wanamuziki wa mitaani wanaohama kutoka barabara moja hadi nyingine katikati ya theluji. Mmoja ana kinanda, mwingine ana chombo kikubwa cha nyuzi chenye sauti nzito. Wanapiga wimbo unaosifu majira ya joto huku baridi ikiwakausha vidole, na hakuna anayewapa kitu. Baada ya jasho lote hilo wanagundua kuwa wamekuwa wakipiga mbele ya taasisi ya viziwi. Wanapohamia kwingine, mwanamke mmoja anawauliza dirishani wanapata kiasi gani kwa kila mtaa. Anapojibiwa, anawapa mara mbili ya kiasi hicho ili wasogee mitaa miwili mbele.

Yanayofuata ni mfululizo wa mapigo. Vyombo vyao vinavunjwa. Wanaokota pochi, wanakimbizwa na mwizi, wanaokolewa na polisi, kisha wanamwalika polisi huyo mgahawani kwa chakula cha shukrani. Wakati wa kulipa wanaona picha ndani ya pochi: ni ya polisi yuleyule. Wahudumu wanawatupa nje, na mmoja anaishia ndani ya pipa la maji.

Bergson (1900) anaanza uchambuzi wake wa kicheko na mtu anayekimbia barabarani, akajikwaa na kuanguka, wapita njia wakacheka. Kwake, kicheko ni adhabu ya jamii kwa mtu ambaye mwili wake umeenda kama mashine pale ulipotakiwa kuwa mwepesi. Maelezo hayo yanawafaa Laurel na Hardy kwa sehemu tu. Hawaadhibiwi kwa sababu miili yao ni mizito. Wanaadhibiwa kwa sababu hawajui wako kwa nani. Wanampigia muziki asiyesikia, wanauza kwa asiyetaka kununua, na wanamkaribisha mtu chakula kwa fedha yake mwenyewe. Makosa yote matatu ni ya mgeni asiyeusoma umati uliomzunguka. Kuanguka kwao ni matokeo ya mwisho ya kosa hilo.

Historia ya filamu hiyo inatoa ushahidi mwingine. Kichekesho kingekuwa cha mwili peke yake, kingetosha kupelekwa kilivyo kwa watazamaji wa lugha nyingine. Haikuwa hivyo. Katika mwaka huohuo wa 1930 ilipigwa toleo la Kihispania, Tiembla y Titubea, ambamo Laurel na Hardy walitamka Kihispania kwa kufuata sauti walizoandikiwa. Watengenezaji walijua kuwa anguko lilelile huhitaji maneno ya mahali linapotazamwa. Kiswahili nacho kimewahi kumpokea mwangukaji wa kigeni kwa njia yake. Neno chale, kwa maana ya mtu wa kuchekesha, linafanana mno na jina la kwanza la Charlie Chaplin, na limeingia katika msamiati likachukua upatanisho wa viumbe hai kama kwamba lilizaliwa humo. Mwili ulivuka bahari, lakini haukupata makazi mpaka ulipopewa jina linalotamkika.

3.0 Programu ya kikundi na desturi ya kutuza

Msanii anayetembea si mgeni katika Mkoa wa Pwani. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya mwendo: wachezaji hupita mitaani na watu hujiunga nao njiani. Lakini mdundiko hupita kwa watu wanaoujua, na wafuasi wake ni jirani na ndugu wa wenye shughuli. Vikundi vya sanaa vilivyoibuka baadaye vilikuwa na hali tofauti. Serikali baada ya Uhuru iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo; vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Wakati huohuo vikundi vya kujitegemea vilianza kutawala burudani ya Dar es Salaam. Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980 na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya John Komba, ndivyo vilivyojulikana zaidi.

Lange (2002) ameeleza kwa kina programu za vikundi hivyo katika baa za jijini. Onesho moja lilichukua saa nyingi na kuchanganya ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Kikundi kilihama kutoka ukumbi hadi ukumbi, na pengine kutoka mji hadi mji, kikiishi kwa viingilio. Kila siku kilikuwa kwa watu.

Tofauti kubwa kati ya jukwaa hilo na barabara ya Below Zero ni desturi ya kutuza. Mtazamaji huinuka, huenda mpaka jukwaani na kumpa fedha mchezaji mkononi au kumbandika mwilini. Kitendo hicho ni kauli ya hadharani: wote wanamwona anayetuza, wanamwona anayetuzwa, na wanahukumu kwa nini. Katika filamu, mwanamke anatoa fedha ili wasanii waondoke. Katika ukumbi, mtu anatoa fedha ili msanii aendelee, na kwa kufanya hivyo anamtangaza kuwa, kwa usiku ule, amekuwa wa kwao. Kutuza hugeuza ugeni kuwa wenyeji wa muda. Swali la kihakiki ni hili: mchekeshaji hufanya nini mpaka astahili kugeuzwa hivyo?

4.0 Anguka, angukia, angusha

Jibu linaweza kutafutwa ndani ya kitenzi chenyewe. Mzizi -anguk- na -angu- katika minyambuliko yake unatoa maumbo matatu ambayo, yakisomwa pamoja, yanaeleza namna tatu za kichekesho cha mwili.

Anguka ni tukio lisilo na mlengwa. Mtu alikuwa juu, sasa yuko chini. Huyu ndiye mtu wa Bergson: anguko lake lingeweza kutokea barabara yoyote.

Angukia, katika kauli ya kutendea, huleta mlengwa. Mtu huweza kuangukia tope, yaani mahali. Huweza kuangukia pua, yaani kushindwa vibaya katika jambo alilojigamba nalo. Huweza pia kumwangukia mtu, yaani kumwomba radhi kwa unyenyekevu. Lugha imeweka chini ya umbo moja mahali pa kuangukia, aibu ya anayeanguka, na mtu anayeombwa msamaha. Mchekeshaji aliyekomaa huyatumia yote matatu kwa pamoja. Anaanguka jukwaani, majigambo yake yanaanguka naye, na kwa kuanguka anawaangukia waliomlipia kiingilio. Mgeni aliyeingia na suti iliyombana na maneno makubwa anapokuwa chini, watazamaji wanapata mamlaka ya kumsamehe. Tuzo ni namna ya kutoa msamaha huo.

Angusha, katika kauli ya kutendesha, huleta mtendwa. Mchekeshaji haanguki yeye, anamwangusha mwingine. Hapa ndipo Kiswahili kinapotoa onyo lake, kwani kuwaangusha watu ni pia kuwavunja moyo baada ya kukutegemea. Kikundi kinachomwangusha asiyestahili kinaweza kuwaangusha watazamaji wake.

Ushahidi wa pili uko katika tanakali sauti. Katika orodha zilizozoeleka vitabuni, mtu huanguka mchangani tifu, huanguka matopeni tapwi, hutumbukia majini chubwi, na huanguka sakafuni pa. Mwanafunzi hufundishwa orodha hiyo kama pambo la insha. Ikitazamwa kwa makini, inasema jambo la msingi: Kiswahili huainisha maanguko kwa ardhi inayompokea mwangukaji. Uzito wake, mwendo wake na sababu ya kuanguka kwake havihesabiki hapo. Sauti moja ya silabi moja au mbili inatosha kumwambia msikilizaji mhusika yuko wapi, na kwa kumwambia wapi, inamwambia pia ni dunia ya nani. Sakafu ni ya ofisi na duka. Tope ni la bonde na njia ya shamba.

Ndiyo maana kichekesho cha mwili kiliweza kustawi hata redioni. Katika Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania, wajanja wawili walinaswa na hila zao wenyewe bila msikilizaji kuona hata mguu mmoja ukiteleza. Sauti ilijenga ardhi, na ardhi ikajenga anguko. Jina lenyewe lilitokana na methali pwagu hupata pwaguzi, ambayo tayari ni kichekesho kamili: mwizi amekutana na mwizi kumzidi. Kama kuanguka kungekuwa mali ya jicho pekee, kipindi hicho kisingewezekana.

5.0 Mshamba na mjanja

Ardhi ya anguko si jambo la ufundi tu. Ina siasa yake. Wachunguzi wa maigizo tangu Hussein (1975) wamekwishaonesha kuwa kichekesho cha wakati wa ukoloni kilimlenga mara nyingi mtu asiyejua mambo ya mjini. Filamu za mwanzo za Tanganyika zilifuata njia hiyohiyo. Katika Muhogo Mchungu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 angekuwa Waziri Mkuu, aliigiza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Watazamaji walicheka, na kicheko hicho kilikuwa pia somo: mji una sheria zake, na asiyezijua ataanguka sakafuni.

Mtindo huo haukuisha na ukoloni. Mshamba ameendelea kuwa mhusika wa akiba wa vichekesho, akitambulishwa kwa lafudhi kabla ya kutambulishwa kwa tendo. Anabadilisha r kuwa l, anachukua neno kwa maana yake ya juujuu, anasalimia kwa kirefu pale ambapo wenzake wanaguna tu. Anapoteleza, mwili wake unathibitisha kile ambacho ulimi wake ulikwisha kumshtakia. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, mhusika huyu haangukii hadhira. Anaangushwa mbele yake. Mchezaji na mtazamaji wanasimama upande mmoja, mshamba upande mwingine.

Kasoro ya mtindo huo, mbali na dhuluma yake, ni ya kisanaa. Kicheko chake huisha haraka kwa sababu hakina kinachoporomoka. Mshamba alikuwa chini tangu alipotamka neno la kwanza. Methali aliye juu mngoje chini inakumbusha kuwa anguko huhitaji kimo. Wachekeshaji waliodumu walilijua hilo. Amri Athumani, maarufu kama King Majuto (1948–2018), mara nyingi alijenga mhusika mzee, mkali na mwenye tamaa, ambaye kimo chake kilikuwa amri alizozitoa na hila alizozipanga. Alipoanguka, kilichoanguka ni tamaa na ukali, na asili ya mtu haikuguswa. Mzee huyo angeweza kuwa wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa kijiji chochote, na mtazamaji hakuhitaji kumdharau yeyote ili acheke. Huo ni ujuzi wa kuangukia.

6.0 Jukwaa la Kwa Mathias

Hoja hii inaweza kupimwa kwa mfano wa kubuni katika mahali halisi. Kwa Mathias iko mjini Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro kutoka Dar es Salaam. Muundo wa jina ni wa kawaida katika barabara hiyo: kihusishi kwa kikifuatiwa na jina la mwenyeji, kama ilivyo kwa Kwa Mfipa katika mji huohuo. Ni kwa ileile iliyo katika kwao na katika kwa watu. Jina linatangaza kuwa mahali pana mwenyewe. Kikundi kinachoshusha ngoma zake hapo kinacheza kwa mtu, kisarufi na kihalisi.

Chukua kisa cha mtu anayeingia ofisini na kuku ndani ya tenga, akiwa amekuja kumshukuru ndugu yake aliyepata kazi. Anateleza kwenye vigae, pa, kuku wanatawanyika chini ya meza. Katika ukumbi wa katikati ya jiji, kisa hicho kinaweza kuchekesha kwa kumwangusha mgeni. Kwa Mathias hali ni nyingine. Huko lami na vumbi vimekaribiana, na mtu mmoja anaweza kupanda basi la Dar es Salaam alfajiri na jioni kurudi penye mihogo na kuku wake. Hadhira ya namna hiyo haiwezi kugawanywa kati ya mjini na shamba, kwa kuwa mgawanyiko uko ndani ya kila mtazamaji. Ikicheka tenga, inacheka zawadi ambayo yenyewe imewahi kuibeba.

Mchekeshaji mwerevu akiwa hapo atabadilisha ardhi. Atamleta mtu wa mjini mwenye viatu vinavyong’aa, aliyekuja kutafuta kiwanja na kuzungumza na wenyeji kama watoto. Atamwongoza hatua kwa hatua, kwa heshima zote, “pita hapa baba, pita hapa”, mpaka pembeni mwa bonde, na huko tapwi. Kisa kimegeuka kwa kubadilishwa sauti moja ya tanakali. Kimo sasa kipo, na anayeporomoka alistahili. Iwapo mchekeshaji mwenyewe ndiye anayevaa viatu hivyo, na watazamaji wanajua kuwa naye ametoka Dar es Salaam asubuhi hiyohiyo, anguko lake linakuwa ungamo: mgeni anaikejeli jeuri ya wageni. Hapo mtu atainuka kwenda kumtuza.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba watazamaji wa Kwa Mathias, kama wengine, hucheka pia vichekesho vya mshamba kwenye televisheni na simu. Ni kweli, lakini kicheko hicho hakihitaji kukubaliwa na mwenyeji. Video haijui inatazamwa wapi, haiwezi kubadili sakafu kuwa tope, na haiogopi kunyimwa tuzo. Mhusika aliyekuwa akijadiliwa upya kila usiku kati ya jukwaa na hadhira amegandishwa, na pamoja naye imegandishwa dharau ya lafudhi ambayo jukwaa lingeweza kuirekebisha. Mwanafunzi anayechekwa darasani kwa matamshi ya nyumbani kwao anachekwa kwa kicheko kilekile.

7.0 Hitimisho

Makala imejaribu kuonesha kuwa kichekesho cha wasanii wasafiri ni suala la lugha tangu mwanzo. Below Zero inawaonesha wanamuziki wanaoanguka kwa sababu hawajui wako kwa nani. Kiswahili kinatoa vitenzi vya kutenganisha anayeanguka, anayeangukia na anayeangusha, na tanakali za kutaja ardhi ya kila anguko. Kwa vigezo hivyo mhakiki anaweza kupambanua kichekesho kinachoomba kupokewa na kile kinachonunua kicheko kwa kumtoa mtu sadaka, bila kukidharau kichekesho chenyewe.

Lipo pia jukumu la kuhifadhi. Rekodi ya video inatunza mwili na maneno, lakini mara nyingi haituambii kisa kilichezwa wapi, sakafu ilikuwa ya nini, nani aliinuka kutuza, na ni neno gani lilibadilishwa baada ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Bila taarifa hizo nusu ya kazi imepotea. Said Ngamba, aliyejulikana kama Mzee Small, alifariki mwaka 2014; Majuto alimfuata mwaka 2018. Kizazi kilichozijua baa za miaka ya 1980 na 1990 kinapungua, lakini wachezaji wenzao, madereva wa vikundi na watazamaji waliowatuza wangali wapo katika miji ya barabara hiyo. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuanza nao, kwa maswali mepesi: alianguka wapi, na ninyi mlisema nini?